Kiwiko cha Kalombo

Daktari Josaphat ameniomba niandike ukurasa mmoja juu ya Kalombo, usomwe Jumapili tutakapomuaga. Aliniambia, "Mama Salomé, weye njo unamujua kupita bote." Nilicheka peke yangu. Mtu ukimwonea mwenzako wivu kwa miaka kumi na mmoja, utakosaje kumjua? Unajua anaingia kazini saa ngapi, anakula nini mchana, nani kamsalimia na kwa sauti gani. Basi nitaandika, lakini nitaandika kama ilivyokuwa, na kama Daktari ataona aibu kusoma mbele ya watu, shauri yake.

Kalombo alizaliwa kijijini, kwenye barabara ya Kaniama, katika nyumba ya wakulima Wakatoliki wenye mahindi mengi na karatasi chache. Shule aliiacha darasa la sita. Useremala alifundishwa na mjomba wake aliyekuwa anatengeneza madawati. Hapa kwenye kituo chetu cha watoto wenye ulemavu alikuja kurekebisha mlango mmoja tu, uliokuwa unakwaruza sakafu. Mlango ulimchukua asubuhi moja. Mchana akamwona mtoto anatembelea gongo refu kuliko kwapa lake, akalichukua bila kumwuliza mtu, akalikata, akalipiga msasa, akamrudishia. Kesho yake Daktari akampa chumba cha nyuma tulichokuwa tunawekea mikeka, na tangu siku hiyo tunakiita atelye, yaani karakana.

Na mimi? Baba yangu alikuwa mwalimu wa shule ya Wamethodisti hapa Kamina. Mimi nilisoma Lubumbashi, nina diploma ya kiné, yaani nimefundishwa kunyoosha viungo na kuvipa nguvu, na diploma hiyo iko ukutani ndani ya fremu. Blauzi yangu nyeupe naipiga pasi kila siku. Kila asubuhi nasimama mlangoni kuwapokea watoto mmoja mmoja kwa mkono, kama baba alivyowapokea wanafunzi wake: mkono wa kuume unatolewa, wa kushoto unashika kiwiko, mtoto anainama kidogo. Watoto wananipa mkono, "Bonjour, Mama Salomé," halafu wanatimua mbio kwenda nyuma kwa Kalombo, wenye magongo na wenye viti vya magurudumu, wote. Baada ya dakika mbili nasikia kicheko. Kwangu hawacheki.

Yeye hata mkono hakuwapa. Vidole vyake vilikuwa na gundi tangu asubuhi mpaka jioni, kwa hiyo alisalimia kwa kiwiko. Anakitoa, na mtoto anakigonga kwa chochote alicho nacho: kiwiko, bega, gongo, hata paji la uso. Siku ya kwanza aliniletea na mimi. Nilikitazama kile kiwiko chenye vumbi la mbao, nikasema bonjour kwa mdomo, nikapita. Miaka kumi na mmoja hatujawahi kushikana mkono, na mimi niliona ndivyo inavyofaa, kila mtu na kiwango chake.

Mwaka jana nilitumwa Lubumbashi wiki mbili kujifunza njia mpya ya kazi. Zamani sisi wataalamu ndio tuliokuwa tunaamua mtoto afanyie mazoezi jambo gani. Sasa mtoto mwenyewe anaulizwa anajionaje. Unamwekea kadi mbili mezani. Kwenye moja kuna mtoto anafunga vifungo vya shati vizuri, kwenye nyingine kuna mtoto anashindwa. Unamwuliza anafanana na yupi, kisha unamwuliza kama ni sana au kidogo. Kuna jozi ishirini na nne. Mwisho unajua mtoto anajiona anaweza nini na nini kinamshinda, naye anachagua lengo lake la miezi sita. Nilirudi Kamina nimevimba kichwa, sikatai. Hatimaye nilikuwa na kitu cha kuzungumza na watoto ambacho Kalombo hakijui.

Furaha hiyo haikumaliza wiki. Zile kadi zilichorwa kwa ajili ya watoto wa mbali: mtoto anakata nyama kwa kisu na uma, mtoto anafunga viatu vya kuteleza kwenye barafu. Daktari akasema zichorwe upya, ziwe za hapa. Na kazi hiyo akampa nani? Nilimkatia jicho Daktari, lakini alikuwa anatazama karatasi zake. Kalombo alichora kwenye vibao vya tripleksi, akavipaka rangi, akaniletea kwenye katoni ya sabuni. Nilivipokea kimoja kimoja nikitafuta kosa. Mtoto anamega bukari, ugali wetu. Mtoto anabeba bidoni ya maji. Mtoto anafuta ubao wa shule. Mtoto anavuka reli na mbuzi wake, na yule mbuzi alikuwa na sura ya mbuzi anayekataa. Roho iliniuma vibaya. Nikasema rangi imezidi kidogo.

Sasa ni lazima nieleze jambo moja. Nafasi zetu ni kumi na mbili tu kila miezi sita, na wanaongoja ni wengi, hata watoto wa mbali huko Kabondo-Dianda. Mtoto anayejiona anaweza kila kitu hana lengo, na asiye na lengo anamwachia mwenzake nafasi. Kwa hiyo majibu ya zile kadi hayakuwa mchezo. Mtoto aliweza kubaki au kurudi nyumbani kwa sababu ya majibu hayo.

Kulikuwa na msichana anaitwa Hadassa, wa miaka tisa, anayelelewa na bibi yake, Mama Kitwa, upande wa gare, stesheni ya reli. Tangu kuzaliwa upande wake wa kuume ni dhaifu. Mguu anauvuta kidogo, na mkono umejikunja, vidole vimefunga ngumi. Katika watoto wote huyu ndiye aliyenichoma zaidi. Hakupita mlangoni kwangu hata siku moja. Aliingia kwa nyuma, akapita kwenye pipa la maji, moja kwa moja hadi atelye. Miezi mitano hakunipa salamu. Wengine angalau walinisalimia ndipo wakanikimbia. Nilijiambia, huyu Kalombo amemteka kabisa.

Siku ya kadi nilimketisha mezani, nikazipanga kwa utaratibu wangu: upande wa kuume kadi ya mtoto anayeweza, upande wa kushoto kadi ya anayeshindwa. Kwetu kitu kizuri kinakaa kuume. Karatasi ya mafunzo ilisema pande zibadilishwe kila mara. Niliisoma, nikaona hiyo ni fujo ya watu wasiopenda mpangilio. Hadassa aliukalia mkono wake wa kushoto. Ngumi ya kuume ilikuwa ukingoni mwa meza. Nilipouliza, ngumi ilisogea kidogo, ikagusa kadi ya kuume.

"Sana ao kidogo?"

"Sana, Mama."

Jozi ya pili, hivyo hivyo. Ya tatu, ya kumi, ya ishirini. Macho chini, ngumi kuume, sana Mama. Ishirini na nne kwa ishirini na nne.

Kwa kuwa nimeshaanza kusema kweli, niimalize. Asubuhi ile ile nilikuwa nimemwona kupitia dirishani, akihangaika na kamba ya kiatu mpaka akaiacha. Nilipaswa kushtuka. Lakini nilipojumlisha alama nilihisi kitu kitamu moyoni. Ataondoka. Sitamwona tena akinizunguka kwenda kwa Kalombo. Nikaandika jina lake kwenye orodha ya wanaotoka, kwa mwandiko wangu mzuri.

Mchana Kalombo alikuja ofisini, kitu asichofanya, na vumbi la mbao likamwagika kwenye sakafu yangu.

"Mama Salomé, Hadassa iko ku liste ya kutoka?"

"Iko. Anasema anaweza bintu byote. Alichagula mwenyewe."

"Mutoto haweze, Mama. Chupa ya maji anafungulaka na meno."

"Papa Kalombo, uko na diploma ya kiné?"

"Hapana."

"Basi."

Alisimama pale akisugua gundi kwenye vidole. "Umuulize tena, Mama. Ata mara moja tu," akasema, akatoka.

Nilichemka. Kumbe hata kadi zangu anataka kunifundisha! Nikaenda moja kwa moja kwa Daktari. Nikamwambia atelye imegeuka uwanja wa michezo, kuna misumari chini, na Kalombo anawavuruga watoto mpaka hawajibu sawasawa. Misumari ilikuwa kweli. Yale mengine niliyatunga. Daktari alikuna kichwa, akaamuru mtoto asiingie atelye ila kupimwa, tena na karatasi niliyotia sahihi mimi.

Kalombo hakubisha. Alitengeneza mlango mfupi wa mbao, unaofika kifuani, akaufunga kwa ndani. Siku nne sikusikia kicheko. Nilingoja watoto waje kwangu. Nilinunua hata bomboni, nikaziweka kwenye bakuli mezani, na bomboni zikapata sisimizi. Watoto walikaa uani wanautazama ule mlango mfupi, na juu yake walikiona kichwa cha Kalombo kikienda na kurudi. Niliwaonea wivu hata walivyokuwa wanatazama, kwa sababu mimi sijawahi kutazamwa hivyo na mtu yeyote.

Siku ya tano Mama Kitwa alikuja na mjukuu wake kuaga. Alikuwa amevaa kitenge cha kanisani, na Hadassa ameshikilia kifurushi kwa mkono wa kushoto.

"Mama, banasema mutoto sasa anaweza bintu byote," alisema Mama Kitwa, huku akipiga makofi ya taratibu kama tunavyofanya mbele ya mtu wa heshima. "Wafwako, Mama. Wafwako sana." Alinishukuru kwa Kiluba, na shukrani ya Kiluba inaingia ndani zaidi. Akamgeukia mtoto. "Hadassa, patia Mama kalanga."

Hadassa alininyooshea kifurushi.

"Ule mukono ya nini?" bibi yake akafoka. "Ku mukubwa banapatiaka na mukono gani? Nilikufundisha mara ngapi?"

Mtoto aliurudisha mkono wa kushoto mgongoni haraka, kana kwamba umeungua. Kifurushi kilidondoka mezani. Akaleta ngumi ya kuume, akakisukuma. Ngumi ilisogea kidogo, ikafika ukingoni upande wa kuume, ikagoma hapo. Kifurushi kikaanguka, karanga zikatawanyika hadi chini ya kabati.

Nilikuwa nimeinama kuokota nilipotazama ile ngumi juu ya meza. Ilikuwa palepale. Palepale nilipokuwa nikiweka kadi ya mtoto anayeweza, mara ishirini na nne.

Niliinuka, nikachukua kadi mbili kwenye katoni. Mtoto anayebeba bidoni nikamweka kuume, aliyeimwaga nikamweka kushoto, mbali.

"Hadassa, nionyeshe mwenye alimwanga mayi."

Aliitazama kadi ya kushoto. Ngumi ilijaribu kuvuka meza, ikashindwa. Mkono wa kushoto ulikuwa mzima, wenye nguvu, umefichwa mgongoni, na haukutoka. Kunielekezea kitu kwa mkono huo ni kunitukana. Aliulazimisha ule wa kuume mpaka machozi yakamjaa, halafu akauacha uanguke kwenye kadi iliyokuwa karibu.

"Ni hii, Mama?" akaniuliza.

Kutoka ofisini kwangu hadi atelye ni hatua arobaini, na siku ile zilikuwa ndefu. Nilibeba ile katoni mwenyewe. Hadassa na bibi yake walinifuata. Kalombo alikuwa anapiga msasa kipande cha mbao ya mulombwa, na aliponiona akasimama nyuma ya mlango wake mfupi, hakuufungua.

"Karatasi iko wapi?" akauliza. Hakuwa ananitania. Alikuwa anafuata amri yangu.

"Papa Kalombo, nilikosa," nikasema. Sentensi hiyo fupi ilinitoka kwa shida kama mwiba. Nikamweleza kuhusu kuume na kushoto. Alisikiliza, akaufungua mlango, akachukua kadi mbili na kuziweka chini kwenye sakafu, moja huku, nyingine kule, mbali kama urefu wa kitanda.

"Hadassa, enda simama ku mwenzako."

Basi. Miguu haina upande wa heshima. Hakuna bibi aliyewahi kumgombeza mtoto kwa kusimama kushoto. Mimi na diploma yangu, na wiki mbili za Lubumbashi, sikuliona hilo. Nilibaki kuwa msaidizi wa kubadilisha kadi, na nilizibadilisha pande kila mara, kama karatasi ilivyosema. Hadassa alienda akivuta mguu, akasimama. Kufunga vifungo: kwa anayeshindwa. Chupa: kwa anayeshindwa. Kuvuka reli: kwa anayeweza, na hapo akainua kidevu. Kumega bukari pamoja na wengine: kwa anayeshindwa, na alisimama hapo kwa muda mrefu. Nilipomwuliza sana au kidogo, alijibu tofauti tofauti, kama mtu anayefikiri. Mara kumi na saba alisimama kwa anayeshindwa. Mama Kitwa alikuwa ameketi juu ya mbao, kiganja mdomoni.

Ikabaki kuchagua lengo. Nilimpangia zile kadi kumi na saba sakafuni nikamwambia achague anataka kuanza na ipi. Alizizunguka zote. Hakusimama popote. Kisha akaenda kwa Kalombo, akamvuta shati, akamnong'oneza sikioni.

Wivu ulinipanda tena, hapo hapo, mbele ya kosa langu mwenyewe. Hata sasa, nikawaza. Hata leo ni yeye.

Kalombo alitikisa kichwa. "Ambia Mama Salomé. Minyi si kiné."

Hadassa alikuja mbele yangu. Alitazama vifungo vya blauzi yangu.

"Haiko mu kadi, Mama."

"Sema tu."

"Nataka kupatia mukono."

"Kupatia nani?"

"Weye. Ku mulango, asubui. Batoto bote banakupatiaka. Ya minyi haifunguke, na ile ingine bibi anakatalaka. Njo napitaka nyuma."

Miezi mitano nilidhani ananikimbia. Nilikuwa nimemwandika kwenye orodha ya kutoka mtoto aliyekosa kunisalimia kwa kuniheshimu kupita kiasi. Nikachukua kalamu, nikaandika lengo lake kama alivyolisema.

Siku hiyo hiyo nilimwendea Daktari nikamwambia lipi lilikuwa kweli na lipi nililitunga. Alinitazama juu ya miwani, akasema atelye ifunguliwe na misumari iokotwe. Misumari niliiokota mimi.

Kalombo alimtengenezea Hadassa kifaa cha ngozi chenye ubao mwembamba ndani, cha kumnyoosha kifundo cha mkono. Asubuhi nilimkanda vidole na kumfanyisha mazoezi. Mchana alikwenda atelye, na Kalombo akampa vitu vya kushika: vipande vya mbao, brashi ya gundi, vibanio vya nguo. Tulifanya kazi hivyo, mimi na yeye, bila maneno mengi. Msidhani nilipona. Kidole cha kwanza kilipojifungua, alikwenda kumwambia Kalombo kabla yangu, na sikula vizuri mchana ule.

Wiki tatu zilizopita, Jumatatu, nilikuwa mlangoni kama kawaida. Watoto wanapita, bonjour, bonjour. Nikamwona Hadassa anakuja kwa mbele. Alisimama. Mkono wa kushoto ulishika kiwiko cha kuume, ukakiinua, na ile ngumi ikaanza kufunguka, polepole, kidole kimoja kinamsubiri mwenzake. Watoto nyuma yake walianza kunung'unika. Niliwanyamazisha. Mkono ukaingia ndani ya mkono wangu, wa moto, umelowa jasho.

"Bonjour, Mama Salomé."

Niliushika muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu.

Lakini mimi ni mimi. Kabla ya saa sita ule wivu ulikuwa umesharudi na swali lake. Amefanya mazoezi miezi sita kule nyuma. Bila shaka mkono wa kwanza alimpa Kalombo, na mimi nimepata wa pili, wa ishirini, nani ajuaye. Nikamwita.

"Hadassa, ya kwanza kabisa ulipatia nani? Papa Kalombo?"

"Hapana, Mama. Nilimuomba mara mingi. Alikatalaka. Ananipatiaka kiwiko tu." Akacheka, mbele yangu, mara ya kwanza. "Anasemaka mukono ya kwanza iko ya Mama Salomé, yeye ataichafula na gundi."

Basi, Daktari, ukurasa mmoja umekuwa kurasa nyingi, na usikate hata mstari. Kalombo anarudi shambani kwao barabara ya Kaniama, mgongo wake umechoka. Wivu wangu bado ninao, ila sasa sijui nitaupeleka wapi: Jumatatu watoto watanipa mkono, watatimua mbio kwenda nyuma, na huko hakutakuwa na mtu. Jumapili ukimaliza kusoma, naomba umzuie asiende kunawa mikono. Nataka kumsalimia hivyo hivyo, na gundi yake.